Henry Ford: mtoto wa mkulima aliyeishusha V8 hadi kwa mwananchi

Ukisimama pale njia panda ya Makambako, barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na ile ya Njombe na Songea, haupiti muda mrefu kabla hujaliona. Gari kubwa, vioo vyeusi, linapita kwa kasi. Vijana wa stendi hawana haja ya kuuliza ni gari gani. Ni V8. Kwa Tanzania neno hilo limekuwa jina la gari la wakubwa, na msikilizaji wetu wa kijijini akilisikia huwaza kiongozi, msafara na mafuta mengi.

Lakini V8 ya kwanza kutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei nafuu haikukusudiwa wakubwa. Aliyeitengeneza alikuwa mtoto wa mkulima, na aliitaka ifike kwa mkulima, karani na fundi. Na ilipochakaa, waliyoifufua walikuwa vijana wasio na fedha, kwa spana na uvumilivu, nyuma ya nyumba za wazazi wao.

Mtu huyo ni Henry Ford. Wengi tunalifahamu jina lake kwa sababu limeandikwa kwenye magari. Leo tunasimulia maisha yake kwa kuifuata injini yake ya mwisho kubwa. Ndani ya injini hiyo tunaona wema wake, na ubishi wake, na gharama ambayo watu wengine waliilipa.

Mtoto asiyependa jembe

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 katika shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alikuwa mhamiaji kutoka Ireland. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe, farasi, ngano na kuni za kupasua, na Henry hakuzipenda kazi hizo. Alipenda vitu vinavyozunguka. Alikuwa mtoto mdogo alipoanza kufungua saa za watu na kuzirudisha zikiwa zinatembea.

Mwaka 1876 mambo mawili yalimpata. Mama yake, Mary, alifariki akiwa yeye ana miaka 12. Na mwaka huohuo, akiwa na baba yake kwenye gari la farasi, alikutana njiani na mashine ya mvuke inayojiendesha yenyewe, bila mnyama wa kuivuta. Aliruka chini kwenda kumhoji dereva wake. Tangu siku hiyo akili yake ilibaki kwenye mashine.

Akiwa na miaka 16 aliondoka shambani akaenda mjini Detroit kujifunza ufundi wa mashine. Baadaye alirudi kijijini kwa miaka kadhaa, akawa anaendesha mashine ya mvuke ya kupuria nafaka kwenye mashamba ya majirani. Hapo alijifunza jambo ambalo wenye mashine za kusaga wa Njombe wanalijua vizuri: mashine ikiharibika katikati ya msimu, mkulima hana muda wa kusubiri fundi wa mbali.

Mwaka 1888 alimwoa Clara Bryant, naye binti wa mkulima. Mwaka 1891 walihamia Detroit, Henry akaajiriwa katika kampuni ya umeme ya Edison. Usiku wa mkesha wa Krismasi wa mwaka 1893 alileta injini ndogo ya majaribio jikoni, akaifunga kwenye sinki. Mtoto wao wa pekee, Edsel, alikuwa na wiki chache tu tangu azaliwe. Clara ndiye aliyekuwa akidondosha petroli kwa mkono wakati mume wake akizungusha gurudumu. Injini iliwaka, ikatetemesha sinki.

Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1896 gari lake la kwanza lilikuwa tayari bandani. Lilikuwa na magurudumu manne ya aina ya baiskeli. Lakini mlango wa banda ulikuwa mwembamba kuliko gari! Ford alichukua shoka akabomoa matofali ili litoke. Kwa maneno mengine, gari la kwanza la Ford lilikuwa gari la kujiundia nyumbani, kama yale ambayo vijana wa Marekani wangekuja kuyaunda miaka mingi baadaye kwa injini zake.

Gari la shambani

Haikuwa njia iliyonyooka. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa. Ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kugombana na wenye hisa. Kilichomrudishia jina ni mashindano. Tarehe 10 Oktoba 1901 aliendesha mwenyewe gari alilolitengeneza, akamshinda Alexander Winton, mtengenezaji wa magari aliyekuwa na sifa kubwa wakati huo. Mwaka 1904, juu ya barafu ya ziwa St. Clair, alifikia mwendo wa kilomita 147 kwa saa. Siku hizo hapakuwa na gari lililowahi kupimwa likikimbia hivyo.

Kampuni ya Ford Motor ilisajiliwa tarehe 16 Juni 1903. Mwaka 1908 ikatoa gari aina ya Model T. Lilikuwa jepesi, limeinuka juu ya matope, na injini yake ya silinda nne ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Lakini mtu mwenye spana chache aliweza kuifungua. Bloku ilikuwa kipande kimoja, na hedi yake ilitoka.

Wakulima walilifanyia gari hilo kazi ambazo hazikuandikwa kwenye kitabu. Waliinua gurudumu la nyuma, wakafunga mkanda, wakapasua mbao, wakasaga nafaka na kuvuta maji. Hata huku kwetu Afrika Mashariki, katika miaka ya 1920, ilikuwa kawaida nchini Kenya kununua chasisi ya gari la Marekani na kulijengea bodi ya mbao papo hapo. Magari hayo yaliitwa boksibodi.

Mwaka 1913 kiwanda cha Highland Park kilianza kutumia mkanda unaotembea. Gari lilipita mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja alifanya kazi moja ndogo. Kuunganisha chasisi kulikokuwa kunachukua saa 12 na nusu kulishuka hadi saa 1 na dakika 33. Kazi hiyo ilichosha na watu wengi waliikimbia. Januari 1914 Ford akatangaza ujira wa dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya ujira wa awali. Ila fedha hizo zilikuwa na masharti. Wakaguzi wa kampuni walitembelea nyumba za wafanyakazi kuangalia usafi, ulevi na namna wanavyoweka akiba.

Bei ya Model T ilianzia kama dola 850 na ikashuka hadi chini ya dola 300. Zaidi ya magari milioni 15 yalitengenezwa mpaka mwaka 1927.

Jambo jingine la miaka hiyo hatuwezi kuliruka. Kuanzia mwaka 1920 gazeti lake lilichapisha mfululizo wa makala za chuki dhidi ya Wayahudi. Aliomba radhi hadharani mwaka 1927, lakini mwaka 1938 alipokea nishani kutoka kwa serikali ya Hitler. Mtu aliyewaletea wengi gari alisaidia pia kueneza sumu, na historia inayaandika yote mawili.

Injini ya hedi bapa

Mwaka 1929 mshindani wake, Chevrolet, alitoa gari la bei nafuu lenye silinda sita. Ford alikuwa na nne. Badala ya kumfuata kwenye sita, aliamua kuruka hadi nane.

Injini za V8 zilikuwapo tayari, hasa kwenye magari ya matajiri kama Cadillac. Zilikuwa ghali kwa sababu nyingi zilitengenezwa kwa vipande kadhaa na kufungwa pamoja kwa boliti. Ford alitaka silinda zote nane zimiminwe kwenye kipande kimoja cha chuma, na gari lenyewe liuzwe kwa bei ya mtu wa kawaida. Wahandisi walimwambia haiwezekani kwa bei hiyo. Akawapa vijana wachache chumba cha siri ndani ya jengo la makumbusho, maabara ya zamani ya rafiki yake Thomas Edison, wafanye kazi humo mpaka iwezekane.

Tueleze kidogo injini yenyewe. Fikiria sufuria na kifuniko chake. Silinda ni sufuria, na hedi ni kifuniko. Katika injini nyingi za leo, valvu za kuingiza hewa na mafuta na za kutoa moshi zimekaa kwenye kifuniko, juu ya pistoni. Katika injini ya Ford valvu zilikaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, zikitazama juu. Kifuniko kilibaki kipande bapa cha chuma chenye matundu ya plagi na njia za maji. Ndiyo maana iliitwa injini ya hedi bapa. Ina vipuri vichache, ni fupi, ni rahisi kufungua. Injini ndogo nyingi za zamani za pampu za maji zilikuwa na mpango huohuo.

Shida ilikuwa kwenye kuimimina bloku. Ndani ya umbo la mchanga mafundi walipanga viini vingi vya mchanga, ili chuma kikipoa pabaki matundu ya silinda, maji na moshi. Kiini kimoja kikisogea kidogo tu, ukuta wa silinda unakuwa mwembamba na bloku inatupwa. Mwanzoni nyingi zilitupwa.

Tarehe 31 Machi 1932 gari lilitangazwa. Injini ilikuwa ya lita 3.6 na nguvu za farasi 65. Bei ilianzia dola 460. Kwa mara ya kwanza nguvu za gari la tajiri zilikuwa kwenye gari la mtu wa kawaida.

Lakini mwezi huohuo ulikuwa na siku nyingine. Tarehe 7 Machi 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, maelfu ya watu wasio na kazi waliandamana hadi kiwanda cha Ford cha River Rouge wakidai ajira na msaada. Polisi na walinzi wa kampuni waliwafyatulia risasi. Wanne walikufa siku hiyo, na wa tano alifariki baadaye kwa majeraha. Gari la mwananchi lilizinduliwa siku 24 baada ya wananchi kuuawa kwenye geti.

Ubishi ulioingia kwenye chuma

Injini yenyewe ilikuwa na kasoro zilizotokana na ubishi wa mwenyewe. Njia za moshi zilipita ndani ya bloku, katikati ya silinda, kabla ya kutoka nje. Moto huo uliyapasha maji, na gari lilichemsha, hasa kwenye milima. Fundi wa Makambako anayepokea malori yaliyochemsha anaelewa maana yake: rejeta kubwa haitoshi kama joto linazaliwa mahali pasipostahili. Bloku zilipasuka kati ya kiti cha valvu na silinda. Injini za mwaka wa kwanza zilikunywa oili.

Nyingine ilikuwa breki. Washindani walihamia kwenye breki za mafuta, Ford akang'ang'ania za vyuma na fimbo hadi magari ya mwaka 1939. Mtoto wake Edsel, ambaye kwa jina ndiye aliyekuwa rais wa kampuni tangu mwaka 1919, alipendekeza mabadiliko mengi. Baba yake alimzuia, mara nyingine mbele ya watu.

Kwa wafanyakazi hali ilikuwa ngumu zaidi. Mkuu wa walinzi, Harry Bennett, aliendesha kikosi cha wapelelezi na wapigaji. Mwaka 1937 viongozi wa chama cha wafanyakazi walipigwa hadharani kwenye daraja la kuingilia kiwandani, mbele ya wapiga picha wa magazeti. Ford alikubali mkataba na chama mwaka 1941 tu, baada ya mgomo, akiwa wa mwisho kati ya makampuni matatu makubwa ya magari.

Vijana wa gari bovu

Sasa tufike kwa watu ambao Ford hakuwapangia chochote.

Katika miaka ya 1930 vijana wa California walianza kununua magari ya Ford yaliyochakaa na kwenda kuyakimbiza kwenye maziwa makavu ya jangwani, kama Muroc na El Mirage. Baada ya vita kuisha mwaka 1945 idadi yao iliongezeka sana. Wengi walirudi jeshini wakiwa wamejifunza ufundi, na injini ya hedi bapa waliijua: jeshi la Uingereza na la Kanada lilikuwa limeitumia kwenye malori na kwenye magari madogo ya minyororo.

Kijana alinunua gari bovu. Akatoa madigadi, boneti na kila kilicholipa uzito. Kisha akaishusha injini.

Kazi ya kufunga injini hiyo upya ilikuwa na hatua zake. Kwanza hedi zilitolewa. Kila hedi ilishikwa na nati 21, na katika injini za baadaye 24, na miaka ya kutu iliziganda. Asiye na subira alikata boliti akajiongezea wiki ya kazi. Kisha pistoni, krenki na valvu vilitoka, na bloku tupu ikachemshwa kwenye dawa kali kuondoa oili na kutu.

Hatua ya tatu ndiyo iliyoamua kila kitu: kutafuta ufa. Bloku ilitiwa sumaku, ikanyunyiziwa unga laini wa chuma. Penye ufa, unga ulijipanga mstari. Waliokwepa hatua hii walitia fedha kwenye bloku iliyokufa.

Bloku ikiwa nzima, silinda zilichongwa kuwa pana zaidi na kuwekwa pistoni kubwa. Viti vya valvu vilisagwa. Kwa injini za mwanzo hapakuwa na skrubu ya kurekebisha nafasi ya valvu, kwa hiyo fundi alisaga ncha ya valvu kidogo kidogo, akapima, akasaga tena. Akizidisha, hakuna kurudi nyuma. Alifanya hivyo mara 16. Njia za hewa zilipanuliwa, kabureta ikawa mbili au tatu badala ya moja. Hedi mpya za alumini zilibana zaidi mchanganyiko wa hewa na mafuta. Mwishoni nati zilikazwa kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, ili gasketi isivuje.

Kwa nini waliweza? Sababu ya kwanza ni bei. Ford alitengeneza injini hizi kwa mamilioni, kwa hiyo zilijaa kwenye yadi za vyuma chakavu. Sababu ya pili ni kwamba vipuri vingi vya mwaka mmoja viliingia kwenye injini ya mwaka mwingine. Krenki ya gari la Mercury, ndugu wa Ford, ilifungwa kwenye bloku ya Ford ili pistoni itembee mwendo mrefu. Sababu ya tatu ni kwamba hakuna kilichofichwa. Aliyefungua aliona.

Baadhi ya vijana hao walifanya gereji zao kuwa viwanda. Vic Edelbrock alianza kwa kutengenezea gari lake mwenyewe vipuri, kisha akawauzia wengine. Zora Arkus-Duntov na ndugu yake walibuni hedi iliyohamisha valvu kuja juu, wakiondoa udhaifu wa injini ya Ford bila kuitupa injini yenyewe.

Usiku wa mshumaa

Edsel Ford alifariki kwa saratani ya tumbo mwaka 1943, akiwa na miaka 49. Mzee alirudi kwenye uongozi akiwa na miaka 79, afya na kumbukumbu vikimtoka, huku kampuni ikipoteza fedha nyingi. Septemba 1945 familia ilimlazimisha kumwachia mjukuu wake, Henry wa pili.

Aprili 1947 mto Rouge ulifurika. Maji yaliingia kwenye mtambo wa umeme wa nyumba yake. Usiku wa tarehe 7 Aprili, katika chumba kilichowashwa mishumaa na taa za mafuta, Henry Ford alifariki akiwa na miaka 83. Mtu aliyewahi kuajiriwa katika kampuni ya umeme aliondoka kwa mwanga uleule aliozaliwa nao shambani.

Injini ya hedi bapa iliendelea kutengenezwa Marekani hadi magari ya mwaka 1953. Baada yake zilikuja injini zenye valvu juu, zilizopumua vizuri zaidi. Lakini hadi leo wapo wanaotafuta bloku za zamani, wanazipima ufa na kuzifunga upya.

Sisi huku hatuhitaji kumfanya Ford kuwa mtakatifu ili tujifunze kwake. Waliokufa kwenye geti lake hawaturuhusu. Tunachokiona ni kwamba alitengeneza kitu ambacho mwenye nacho aliweza kukifungua, kukielewa na kukirudisha barabarani kwa mikono yake. Magari mengi yanayopita Makambako leo, pamoja na zile V8 za vioo vyeusi, yana kompyuta ndani, na fundi asiye na kifaa cha kuisoma hawezi hata kuanza. Gari linaweza kuwa la kwako kwa kadi, na bado usiwe na uwezo juu yake.

Kwa hiyo unapokwenda kununua mashine ya kusaga, pampu ya kumwagilia viazi au pikipiki, uliza bei, lakini usiishie hapo. Uliza fundi wa karibu ataweza kuifungua? Spea zipo Makambako au Njombe mjini? Zinaingiliana na za mashine nyingine? Mkulima wa Michigan aliyenunua Model T alikuwa na majibu ya maswali hayo kabla hajatoa dola yake ya kwanza.